Jirani wa Kitenzi

Jumatatu, 5 Mei

Nimetukanwa. Kistaarabu, kwa chai na vitumbua, na hilo ndilo linaloniuma.

Nilikuwa nimemaliza kusoma matangazo ya vifo. Bi Clementina, meneja wetu wa redio, akaniita ofisini, akanivutia kiti, akanimiminia chai kwa mkono wake. Nikajua kuna msiba, na marehemu ni mimi. Akasema Mzee Hamdani, sauti yako watu wanaipenda, ila agizo limekuja: kila anayesoma chochote hewani lazima afaulu mtihani wa mdomo wa Kiswahili sanifu. Wote mnaulizwa maswali yaleyale. Unavaa hedifoni, unasikia swali, unajibu, unarekodiwa. Wasahihishaji hawajui kama wewe ni mzee, kijana au kasuku. Jumatatu ijayo. Ukishindwa, kipaza sauti atapewa mwingine.

Mimi! Mtoto wa Ujiji! Sisi Kiswahili hatukukifuata shuleni, tulikinyonya. Ndiyo maana niliishia darasa la nne: sikuona tena cha kujifunza. (Walimu wana maelezo yao.)

Nikauliza kosa langu. Akasema kuna msikilizaji amelalamika kwamba kila siku nasema "mwili wa marehemu anaondoka nyumbani". Nikamuuliza, kwani haondoki? Akashika kichwa.

Vifo ni vyangu. Nimevisoma tangu nilipoacha kuita abiria wa meli pale bandarini. Mtaani kwetu Kasingirima wananitania kwamba mtu hajafa mpaka Hamdani amsome. Na tangu mke wangu Mwanvua alipotangulia, nyumbani hakuna wa kunijibu. Hiyo robo saa ya asubuhi ndiyo pekee ambayo najua kuna watu wamenyamaza wananisikiliza. Siitoi.

Natoka nje, nani nimemkuta mlangoni na kalamu nyekundu mfukoni? Telesphory! Jirani yangu, mwalimu mstaafu, mtu wa Kalinzi, tumegawanywa na ua wa matete tu. Amekuja kujiandikisha. Anavitaka vifo vyangu. Akanisalimu kwa Kiha, "Mwakeye, mzee mwenzangu," kwa meno yote. Sina haja ya kumtafuta aliyelalamika.

Mtu ambaye jina lake mwenyewe analitamka Teresfori!

Jumanne, 6 Mei

Mpango wa kwanza: kuugua.

Nimejifunga shali shingoni, nimewahi redio. Nikamnong'oneza Bi Clementina kwamba koo limekufa, nimekatazwa kuongea mwezi mzima, itabidi mtihani huu uniruke. Nilitegemea huruma. Akasema pole sana mzee wangu, basi leo asome Mwalimu Telesphory, yuko hapo nje.

Nimepona! Papo hapo! Nimesoma vifo vyote kwa sauti ya bandarini, kioo cha studio kikatetemeka. Nilipotoka Bi Clementina hakuniuliza chochote kuhusu koo. Aliniambia tu kwamba shali limenipendeza.

Jumatano, 7 Mei

Kuna Diana, mpangaji wangu wa chumba cha uani. Binti wa Pangani, ameletwa huku na serikali kufundisha Kiswahili sekondari. Nimempelekea migebuka wawili wa kubanika na ombi dogo: siku ya mtihani aje ajifiche nyuma ya ukuta, awe ananikoholea. Kikohozi kimoja ni ndiyo, viwili ni hapana.

Amechukua samaki. Ombi amelirudisha. Lakini atanifundisha.

Somo la kwanza nilitarajia ubao na chaki. Akaniambia, Babu, shida yako si sarufi, ni mtazamo. Unakwenda kwenye mtihani ukitaka mtihani ukuheshimu. Haukuheshimu. Haukujui. Hauna habari unavyoongea na wenzako, unataka kujua tu kama unaifahamu kanuni. Akasema nivae mtihani kama kanzu ya Ijumaa: unaivaa, unaonekana, unaivua, hakuna anayekwenda kuvua dagaa na kanzu. Na sikio nisiliamini. Sikio langu, eti, limezoea makosa ya mtaani mpaka limeyaona matamu. Neno likikaa vizuri mno masikioni, hapo ndipo nishtuke.

Sikio hili! Lililokuwa linasikia meli kabla haijaonekana!

Halafu kanuni yenyewe. Kila kitenzi kina bwana wake, anaitwa kiima. Kitenzi kinamfuata bwana, hakimfuati aliyekaa jirani. Akanipa mfano: "Kikapu cha dagaa wameanguka." Nikasema safi kabisa. Akasema si safi. Kilichoanguka ni kikapu. Dagaa ni jirani tu wa kitenzi, na jirani ndiye anayetudanganya.

Hapo nikamwelewa mara moja. Jirani ndiye anayetudanganya! Nikautazama ua wa matete kwa jicho jipya.

Mfano wa pili: "Boti ya wavuvi wamezama." Nikamwambia mwalimu, huku kwetu boti ikizama, mwanamke anayekimbilia ufukweni haendi kuulizia mbao. Akacheka. Halafu akaacha kucheka. Akasema hilo ni kweli Babu, lakini kwenye mtihani ni kosa.

Kitu kuwa kweli na kuwa kosa kwa wakati mmoja! Darasa la nne hatukufika huko.

Ijumaa, 9 Mei

Bahati!

Nimetoka msikitini, nikamsikia Telesphory nyuma ya ua anajifua kwa sauti. Nikavuta kigoda, nikasogeza beseni la samaki hadi kwenye matete, nikajifanya naparua magamba. Mwalimu mzima anasahau kwamba matete hayazuii maneno.

Alikuwa anasema: "Kipofu kimevuka barabara. Kiongozi kimefika. Kiziwi kimesikia." Tena na tena.

Sikio langu likakataa katakata. Lakini si nimeambiwa nisilisikilize! Nikaitazama kanuni. Kikapu kimeanguka. Kiti kimevunjika. Basi na kiongozi kimefika! Ki inafuatwa na ki, jambo liko wazi kama ziwa asubuhi, na sisi watu wazima tumekuwa tukikosea tangu tuzaliwe. Kumbe sarufi ni nyepesi. Nimeyameza yote.

Ajabu moja tu. Kila nilipoacha kuparua, Telesphory alipandisha sauti.

Jumamosi, 10 Mei

Siku ya aibu.

Kulikuwa na mkutano wa mtaa kuhusu takataka. Mwenyekiti wetu Benedict, mtu wa tumbo na heshima, alichelewa. Nikaona hii ndiyo nafasi ya kuwaonyesha watu mtahiniwa alivyo. Alipoingia nikasimama, nikatandaza mikono kama niko hewani. Nikatangaza: "Ndugu wananchi, kiongozi chetu kimefika! Tukipigie makofi, kikae!"

Vichwa vyote vikanigeukia mimi.

Mwenyekiti akauliza taratibu kama nimemwita kitu. Nikamwambia hapana, sarufi ndiyo inayokuita. Akasema sarufi ije yenyewe ofisini kwake Jumatatu. Kina mama wakashikana mabega kwa kucheka. Na kule nyuma kabisa, Telesphory alikuwa ametia leso yote mdomoni, macho yanamtoka.

Ndipo nikaelewa. Alijua nipo kwenye ua! Alinilisha!

Diana amecheka hadi akakaa chini. Halafu akanielekeza: chenye uhai kinachukua a, hata jina lake lianze na ki. Kipofu amevuka. Kiongozi amefika. Hata kiroboto, Babu, ameruka. Nikasema haya, kiroboto kapewa hadhi. Na aliyeacha kupumua je? Akasema marehemu bado ni a. Marehemu ametuacha. Marehemu atazikwa.

Nikafurahi. Nikamwambia basi tumemaliza, nilikuwa sahihi siku zote. Akasema hapana. Ukisema "mwili wa marehemu", bwana wa kitenzi ni mwili. Marehemu amekuwa jirani tu. Mwili utaondoka. Mwili utazikwa.

Nikamuuliza: ni yuleyule, ndani ya jeneza lilelile?

Akasema ni yuleyule. Inategemea umeanza na neno gani.

Jumapili, 11 Mei

Mimi na Diana tumejifua kutwa. Saa na masaa: nimepata. Rafiki zangu: nimepata. Kula samaki na kupiga kura, l na r kila moja kwenye kiti chake: nimepata, ingawa ulimi umechoka kama mguu. Lakini kila tukifika kwenye mwili wa marehemu, mdomo unasema "anaondoka". Anauliza tena, nasema anaondoka. Akaniandikia U kubwa kwenye kipande cha boksi akakisimamisha mbele yangu. Nikaitazama hiyo U vizuri kabisa, nikasema anaondoka.

Akaniuliza nilianza lini kusema hivyo. Nikasema sijui.

Najua sana. Ni siku ya Mwanvua. Redio walitaka asome mtu mwingine, nikakataa. Vifo ni vyangu, na huyu alikuwa wangu zaidi. Niliandikiwa karatasi: "Mwili wa marehemu utaondoka nyumbani kwake Kasingirima saa saba mchana." Jina nikalisoma vizuri. Ukoo nikausoma vizuri. Nikafika kwenye "mwili wa marehemu", bado niko imara. Halafu ile u. Kama mti utaondoka. Kama mkoba. Mdomo ukagoma. Nikasema anaondoka, kama alivyokuwa akiondoka siku zote, anafunga kanga, anatazama sufuria mara ya mwisho, anatoka kwa mlango wake. Na baada ya hapo ningewezaje kuwapa wafiwa wengine u, wakati wangu nilimpa a? Kila marehemu ni Mwanvua wa mtu.

Jioni nilijikuta nimemweleza Diana haya yote. Sikukusudia. Nilikuwa naparua samaki, mikono ikiwa na kazi mdomo unajiendea.

Akafunika uso kwa viganja. Nikadhani analia kwa ajili yangu. Akasema Babu, nisamehe, aliyelalamika redioni ni mimi. Ni wiki ile alipofika Kigoma, kabla hajapanga kwangu. Alisikia kosa, akapiga simu, alidhani anasaidia lugha.

Kumbe adui yangu namlisha migebuka!

Nilitaka kukasirika. Nikakumbuka mtihani ni kesho na mwalimu ninaye mmoja tu. Hasira nimeiahirisha hadi Jumanne. Kinachonisikitisha ni Telesphory: hakulalamika yeye, na mimi nilishamchukia kwa jambo hilo. Bahati nzuri kuna lile la kipofu.

Jumatatu, 12 Mei

Mpango wa mwisho. Nimeandika U kwa kalamu kwenye kiganja cha kushoto. Nikifika kwenye mwili, natazama, nasoma, nimepona.

Kabla ya kuingia nikaona nisali rakaa mbili niombewe na mimi mwenyewe. Nikatawadha kwa mazoea. U ikaenda na maji.

Nimeingia na mkono mweupe.

Hedifoni zilikuwa za moto kwa masikio ya waliotangulia. Sauti ya mwanamke, laini, haina haraka wala huruma. Sahihisha: "Kikapu cha dagaa wameanguka." Kimeanguka! Sahihisha: "Kipofu kimevuka barabara." Amevuka, na wanaosema kimevuka nawajua! Nikawa natiririka tu. Nilijiona nimevaa kanzu, nimepigwa pasi, napita katikati ya watu.

Kisha ikaja ya mwisho. Sahihisha: "Mwili wa marehemu anazikwa kesho."

Nikakitazama kiganja. Mistari yangu ya uzee tu. Nikafikiri: nikisema a, nimemtetea Mwanvua mbele ya mashine, na kesho Telesphory ndiye atakayewasoma watu wote u, u, u, mpaka na mimi siku yangu anisome u. Nikisema u, namkana leo ili nimpe a kesho. Darasa la nne mtu hafundishwi mizani ya namna hii.

Nikasema: "Unazikwa." Polepole.

Halafu nikasema samahani Mwanvua. Nilidhani nimesema moyoni. Taa nyekundu ilikuwa bado inawaka.

Telesphory aliingia baada yangu. Alitoka amekunja uso kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki kuhe. Hakuniambia Mwakeye.

Ofisi ya mwenyekiti sikwenda. Sarufi ilikuwa na shughuli.

Ijumaa, 16 Mei

NIMEFAULU!

Bi Clementina alisoma matokeo mbele ya wafanyakazi wote. Mzee Hamdani, amefaulu vizuri. Maoni ya wasahihishaji: matamshi safi, anajibu kwa kujiamini, ila apunguze kuzungumza na watu wasiokuwepo. Nikainamisha kichwa kama bwana harusi.

Telesphory ameanguka. Kwa padogo sana. Nikamwomba Bi Clementina aniambie ni wapi, kwa ajili ya kumfariji jirani. Akasema ni jambo la kushangaza kwa mwalimu: aliulizwa ya kipofu akajibu imekaa sawa, haina kosa, kimevuka. Akaulizwa ya kiongozi, akasema kimefika, tena kwa sauti kubwa.

Nimecheka mpaka nikaegemea ukuta. Ijumaa ile alinitilia sumu kupitia matete, na mwenyewe akaionja kila alipoirudia. Mdomo ukazoea! Alipofika mtihanini sikio likamwambia tamu.

Nilimpa pole kupitia uani. Akajibu kwamba huyu mzee mshenzi sana. Nikamwambia mshenzi huyu, ngeli umepatia, unaona sasa unaanza kuelewa. Atarudia mtihani mwezi ujao. Hasira yangu kwa Diana ilikuwa iangukie Jumanne, lakini siku hiyo alipika maharage kwa mawese, ikapita.

Jumatatu, 19 Mei

Nimerudi hewani, na cheti kimetundikwa ukutani nyuma yangu. Bi Clementina alisimama upande wa pili wa kioo, mikono kifuani, ametulia. Ana mtangazaji sanifu.

Tangazo la kwanza lilikuwa la Eliakimu wa Bangwe, fundi wa kuchonga boti. Mjane wake, Mama Recho, alileta karatasi mwenyewe. Akaomba asirudi nyumbani kwanza. Akakaa kwenye benchi la mapokezi, chini ya spika, amejifunika kitenge, ananisubiri.

Karatasi imechapwa kwa ufasaha: "Mwili wa marehemu utaondoka nyumbani kwake Bangwe saa saba mchana." U ile. Nikaitazama. Nimefaulu hii. Nina cheti cha hii.

Nikasema: "Mwili wa marehemu Eliakimu anaondoka nyumbani kwake Bangwe saa saba mchana."

Bi Clementina akapiga kioo kwa kiganja. Kupitia mlango uliokuwa wazi nilimwona Mama Recho anaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa kwamba mume wake amekwishavaa, yuko tayari, asiwe na wasiwasi.

Bi Clementina ameniuliza sasa mtihani ulikuwa wa nini. Nikamwambia kanzu imevuliwa. Hakunielewa. Akasema nikirudia ataniandikia barua. Nikasema nitaisoma hewani.

Nyumbani nilimkuta Diana uani, redio ndogo iko dirishani kwake, madaftari ya wanafunzi magotini. Nikamsubiri aanze. Alisahihisha sentensi moja, akasahihisha ya pili. Halafu akasema Babu, leo matangazo yamesikika vizuri. Basi. Sijui hapo aliongea mwalimu au mpangaji.

Jioni hii kwa Telesphory kimya. Anajisomea moyoni, amepata akili. Lakini nimesikia kigoda kinasogezwa, taratibu, kinakuja mpaka kwenye matete. Anataka kunisikiliza! Anataka majibu ya aliyefaulu!

Mpango umenijia mzima mzima. Nimechukua kigoda changu, nimekaa naye mgongo kwa mgongo, ua katikati, nikaanza kwa sauti ya bandarini: "Kiongozi kimefika. Kiongozi kimetuacha. Kiongozi kitazikwa kesho." Diana amechungulia, akaniuliza kama nimesahau yaliyompata mwenzangu. Nikamwambia yule hakuwa na mdomo wa Ujiji.

Nimerudia mpaka magharibi. Kesho asubuhi nina tangazo zito, amefariki kiongozi wa kwaya wa Gungu, watu wengi watasikiliza, kwa hiyo nalala mapema. Kitu kimoja tu kinanishangaza. Mwanzoni maneno yale yalikuwa yananikwaruza. Sasa yanakaa vizuri sana mdomoni, matamu kabisa.